Upupu wa Kiwanja cha Bi Saada

Harufu ya majani mabichi yaliyokatwa, ikichanganyika na moshi wa dizeli, si harufu ya katikati ya mji. Mimi niliinusa kwa mara ya kwanza Gerezani, jirani kabisa na Kariakoo, nilipokuwa darasa la nne. Mtaani kwetu harufu tulizozizoea zilikuwa za grisi, za chuma kinachochomelewa, na za dagaa waliotandazwa juani juu ya magunia. Asubuhi tuliamshwa na nyundo za mafundi kabla hata jua halijapasha mabati, na jioni tulijua muda umekwenda kwa kusikia zile nyundo zikinyamaza moja baada ya nyingine. Kwa hiyo ile harufu ya shamba ilipotuingilia mpaka ndani ya ukumbi wa nyumba ya bibi yangu, watu wazima waliacha walichokuwa wakifanya wakasimama, kila mmoja akivuta pumzi kama aliyekumbuka kwao. Nimekaa mjini maisha yangu yote, lakini harufu ile ikinipata popote, ninarudi kwenye msimu ule wa vuli, msimu ambao trekta dogo lilikuja kufyeka kiwanja cha Bi Saada.

Niliishi na bibi yangu mzaa baba, Bi Mwanahawa, kwa sababu baba na mama walikuwa Mtwara kikazi na walitaka nisome nisihamehame. Nyumba yake ilikuwa nyumba ya Kiswahili kama zilivyokuwa nyingi enzi hizo: ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma wenye jiko, choo na kamba za kuanikia. Vyumba vya mbele alikaa yeye na mimi. Vya nyuma vilikuwa vya wapangaji, na katika wapangaji wote aliyempenda zaidi ni Mama Anjela, mwanamke wa Songea aliyeuza dagaa sokoni na ambaye kila Jumapili alikwenda kanisani na kurudi na kitu cha kunipa. Upande wa kulia wa nyumba yetu palikuwa na kiwanja kilichofunikwa na msitu. Nasema msitu kwa maana sikuwa nimepata kuona msitu mwingine. Mibarika ilikuwa imeota juu ya vifusi, michongoma ikaota chini ya mibarika, na juu ya vyote hivyo yalikuwa yametambaa matango mwitu na upupu, yakapanda hadi yakaufunika mti mzima usijulikane ni mti gani. Kila msimu mitambazi ile iliegemea ukuta wetu zaidi, ikapenya chini ya mabati, ikanyoosha vidole vyake ndani ya ua.

Asiyeujua upupu na ashukuru Mungu. Maua yake ni mazuri, ya zambarau, yananing'inia vishada vishada. Halafu yanakuja maganda yenye manyoya ya rangi ya dhahabu, laini kama shavu la paka, na kiangazi kikikaza yale manyoya yanapeperuka na upepo. Yakitua juu ya nguo zilizoanikwa, mvaaji atajikuna mpaka alie. Kwetu tulikuwa tukikung'uta shuka kabla ya kulala na kuweka majivu tayari kwenye kopo, maana majivu ndiyo dawa ya haraka. Mgeni aliyekuja na kuanza kujikuna shingo hakuhitaji kueleza. Bibi alimsogezea kopo tu.

Nilimwuliza Bibi mara nyingi kwa nini hatukifyeki kile kiwanja. Alinijibu kila mara kwa maneno yale yale, "Si chetu." Ni Mama Anjela aliyenieleza siku moja tukichambua mchele. Kile kiwanja kilikuwa cha Bi Saada, mke mwenza wa Bibi. Babu alikuwa na wake wawili, akawajengea nyumba mbili ubavu kwa ubavu, na watu wanasema waliishi vizuri, wakiazimana chumvi na kinu. Babu akaugua, akafia nyumbani kwa Bi Saada. Asubuhi ya mazishi pakazuka swali: jeneza litoke mlango gani? Bi Saada aliona ni haki yake, kwani yeye ndiye aliyemuuguza na kumfumba macho. Wazee wa mtaa wakaamua atokee kwa mke mkubwa, na ikawa hivyo. Bi Saada akaenda kukaa eda kwa kaka yake Magomeni. Eda ilipokwisha hakurudi. Nyumba yake ya udongo ikakaa bila mtu, mabati yakaondoka moja moja mikononi mwa wasiojulikana, mvua zikazikalia kuta, na majani yakafanya kazi yake. Hakuna aliyewahi kutuma salamu wala kupokea. Baba yangu alipowatembelea wa Magomeni, alikwenda kimya kimya na kurudi kimya kimya.

Mwaka ule kiangazi kilikuwa kirefu. Alasiri moja, Mama Anjela akiwa anafua uani, binti yake Anjela, mtoto aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kukimbia bila kuanguka, alimfuata kuku. Kuku akapita chini ya mitambazi, na Anjela naye akapita. Tulipokuja kugundua, tulianza kumwita nje, tukaenda mpaka kwa mafundi, tukauliza dukani, na katikati ya kuita huko tukasikia kilio kutoka mle ndani. Mama Anjela hakungoja panga wala viatu. Aliingia mikono mitupu, akigawanya majani kama mtu anayeogelea, na alipotoka amembeba mwanawe, wote wawili walikuwa wameng'aa manyoya ya dhahabu usoni, mikononi, hadi kwenye nywele. Tuliwapaka majivu, tukawamwagia maji, lakini mtoto alikuwa amejifikicha macho, na kabla ya magharibi yalikuwa yamevimba yakafunga kabisa. Alipelekwa hospitali. Alirudi na bandeji, akawa anapapasa ukuta wa ukumbi kwa kiganja akitafuta mlango wa mama yake, na sisi sote tukapunguza sauti zetu kana kwamba kelele zingemuumiza zaidi.

Mama Anjela alikuja kwa Bibi akiwa amevaa vizuri, jambo lililonitisha.

"Bibi, umenilea kama mwanao," alisema. "Lakini mimi nahama. Leo ni upupu. Kesho atakuwa nyoka."

Bibi alikuwa amekaa mkekani. Akasema, "Huhami. Nipe kesho."

Kesho yake alivaa baibui lake jeusi, akanishika mkono, tukatoka kwa miguu. Tulipita Jangwani, juu ya ule uwanda wa bonde la Msimbazi, na njia nzima hakuzungumza ila kunikataza kukanyaga matope. Magomeni tulisimama mbele ya nyumba yenye baraza la saruji. Mwanamke mwembamba, mrefu, aliyekuwa anapepeta mchele, aliinua uso. Ungo ulitulia mikononi mwake. Nilidhani angetufukuza. Badala yake aliuweka chini, akafunga kanga yake sawasawa, akasema, "Shikamoo, dada."

"Marahaba, Saada," Bibi akajibu.

Tulikaribishwa barazani, tukaletewa maji. Walijuliana hali kwa maneno mafupi kama watu wanaovuka mto kwa mawe. Kisha Bibi akasema, "Kiwanja chako kimetuumizia mtoto."

"Mtoto wa nani?"

"Wa mpangaji. Macho yamefunga. Daktari anasema yatafunguka, tunamngoja Mungu."

Bi Saada alitazama mikono yake. "Si mngefyeka? Mimi sikuwakataza."

"Mtu hafyeki pa mwenziwe bila kuambiwa."

"Basi nimewaambia. Fyekeni. Lakini mimi huko sirudi, mwenzangu. Usinidai hilo."

Hapo sauti ya tatu ikasikika kutoka mlangoni. "Panga litachukua mwezi, na wafyekaji wote watalazwa. Nitakuja na trekta." Aliyesema alikuwa mwanamke wa makamo, mabega mapana, ovaroli la buluu limefifia magotini. Alinitazama kwa muda, akatabasamu nusu. "Huyu ndiye wa kaka? Mimi shangazi yako Tatu. Hujaambiwa una shangazi?"

Nilitikisa kichwa. Bibi alitazama pembeni. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, walisema wahenga, wakipatana chukua kapu ukavune. Hawakusema lolote juu ya mtoto anayezaliwa katikati ya ugomvi, akakua bila kujua kuwa kuna mtu mwenye pua kama yake upande wa pili wa Jangwani.

Shangazi Tatu alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la miche ya matunda huko Kibaha, na mwenye shamba alikubali kumwachia trekta dogo wanalolitumia kati ya mistari ya michungwa. Lakini hakuja siku ile wala wiki ile. "Upupu haufyekwi juani," alituambia. "Nikiingiza visu sasa hivi, Kariakoo nzima itajikuna. Tungoje mvua iyalaze manyoya." Basi tukangoja. Wakati huo bandeji za Anjela zilitolewa, macho yakiwa mekundu lakini yanaona, na Mama Anjela akafungua tena kanga alizokuwa amezifunga furushi. Hakusema kuwa amebadili nia. Alianza tu kupika kwa mafuta mengi kama zamani, na Bibi akajua.

Mvua za vuli zilinyesha usiku kucha, na asubuhi lori dogo likarudi kinyumenyume mpaka mwanzo wa uchochoro wetu, trekta likiwa limefungwa minyororo mgongoni. Nilikuwa nimejiandaa kuona dude kubwa. Lilikuwa dogo, la rangi ya chungwa, urefu wake haukuizidi sana bajaji. Mbele lilikuwa na koleo la chuma kama kiganja kilichokunjwa, na nyuma limefungwa bati pana ambalo chini yake mlikuwa na visu vya kuzunguka. Mafundi waliziacha nyundo zao wakaja kutazama. Mmoja akaita, "Dada, hilo trekta au pikipiki ya magurudumu manne?" Shangazi akamjibu bila kugeuka, "Niazime miwani yako ya kuchomelea, halafu ukae uone." Akacheka yule fundi, akaivua, akampa. Shangazi akafunga kanga kichwani na usoni yakabaki macho tu, akavaa glavu na buti, akapanda.

Sijapata kuona mtu aliyekaa juu ya chombo kwa utulivu namna ile. Hakuyavamia majani. Alisogea polepole mpaka mibarika ya mbele ikainama, akashusha bati lile la nyuma, sauti ya injini ikawa nzito, na kipande cha kwanza cha ardhi kikaonekana, cheusi, chenye unyevu, kikifuka moshi mwembamba kama chai. Ndipo ile harufu ikatufikia. Aliingia kinyumenyume, akatoka, akaingia tena. Mitambazi ilimpinga kwa namna yake. Ilijizungusha kwenye mhimili wa visu kama uzi kwenye pia, injini ikaanza kukohoa, naye akazima kila mara, akashuka, akaikata kwa panga na kuivuta kwa glavu. Hakukata hata fundo moja injini ikiwa inawaka, na aliwafokea vijana waliotaka kumsaidia kabla visu havijasimama. Kwa ule mti uliofunikwa alitumia mnyororo: aliufunga kwenye shina la mitambazi, akaivuta kwa trekta taratibu, na lile blanketi zima likateleza chini kwa mlio wa kupasuka. Mwarobaini ukatokea, umekonda, matawi yameinama kwa mzigo. Bibi, aliyekuwa akitazama juu ya ukuta, alisema kwa sauti ndogo, "Kumbe bado upo."

Adhuhuri Shangazi alikuwa amefika katikati ya kiwanja. Ghafla alisimamisha trekta, akazima, akashuka na fimbo ya nondo, akaanza kuchoma ardhi mbele yake. Alirudi kwetu akifuta jasho.

"Humu mna shimo la choo cha zamani," alisema. "Nilikuwa mdogo tulipoondoka, sikumbuki liko wapi. Mbao zake zitakuwa zimeoza. Nikilikanyaga, mimi na trekta tunaingia. Mama Mkubwa, wewe unalijua?"

Bibi alifikiri, na nikaona fedheha ikipita usoni mwake. Aliishi ubavu kwa ubavu na nyumba ile miaka na miaka, lakini ua wa nyuma wa mke mwenza si mahali pa kuingia. "Silijui," akasema. "Anayelijua ni mama yako."

Trekta likalala palepale, limefunikwa turubai, nusu ya kiwanja imenyolewa na nusu bado msitu. Shangazi akaenda Magomeni. Usiku ule Bibi alisali muda mrefu kuliko kawaida, na asubuhi alinituma sokoni kununua iliki na maziwa, akakanda unga wa maandazi bila kusema ni ya nani.

Bi Saada alifika akiwa amemshika binti yake mkono. Hakupitia kwetu. Alisimama kwanza mahali palipokuwa kizingiti chake, akavua ndala, akaingia pekupeku juu ya majani yaliyokatwa. Alitembea kana kwamba kuta bado zipo: akapinda mahali pa ukumbi, akakwepa kitu tusichokiona, akapita katikati ya milango isiyokuwapo. Alipofika nyuma ya mwarobaini alisimama kwenye ukingo wa majani marefu, akanyoosha kidole. Bibi naye alikuwa ameingia kutoka upande wetu. Udongo ulikuwa laini, na Bi Saada alikuwa akisogea mbele aonyeshe vizuri zaidi. Mguu wake ukazama. Bibi akamdaka mkono, akamvuta, na wote wawili wakarudi nyuma wakiwa wameshikana, wakati kipande cha mbao iliyooza kikianguka mbele yao na kutoa mlio wa mbali, chini kabisa.

Hawakuachana mikono. Shangazi alitaka kuwakimbilia, akasita. Wengine wote tulibaki tulipo.

"Mwanahawa," Bi Saada alisema, bado anatazama shimo. "Siku ile wanaume walikuuliza nini?"

"Waliniuliza maiti atokee wapi."

"Ukasemaje?"

"Nikanyamaza."

"Ungesema neno moja tu. Uliona nilivyomuuguza."

Nilimfahamu bibi yangu. Alikuwa mtu wa kujitetea upesi. Safari ile hakujitetea. "Niliona," alisema. "Alifia mikononi mwako, Saada. Nikasema moyoni, basi angalau hili la kutokea mlangoni liwe langu. Nilitaka. Ndiyo maana nikanyamaza."

Bi Saada aligeuka akamtazama. "Ungeniambia hivyo mimi ningeelewa," alisema. "Nilidhani ulinihesabu si kitu." Machozi yalikuwa yakimtoka lakini sauti yake haikutikisika. Bibi akaenda akaokota ndala za mwenziwe palipokuwa kizingiti, akampangusia matope kwa ncha ya kanga yake mwenyewe, akamwekea miguuni. Kisha akasema maandazi yanapoa.

Shangazi alimaliza kazi siku ile ile. Alilijaza shimo kwa vifusi vya nyumba ya zamani, koleo baada ya koleo, akilishindilia kwa koleo la mbele, trekta likiwa mbali na ukingo kadiri alivyoweza. Majani hayakuchomwa, kwani moshi wa upupu nao huwasha. Yalifukiwa pembeni, na vijana waliyakanyaga wakipiga kelele. Lori liliporudi kulichukua trekta, yule fundi alikuja kudai miwani yake, akasimama akikitazama kiwanja, akasema tu, "Dada, nimekaa, nimeona." Shangazi akaninyanyua akaniketisha kwenye kiti cha trekta kabla halijapandishwa. Kilikuwa cha moto na kilitetemeka, maana injini ilikuwa bado inawaka, na kutoka pale juu niliiona nyumba yetu kwa upande ambao sikuwahi kuuona.

Bi Saada hakuhamia tena Gerezani. Hilo lingekuwa kutazamia mengi mno. Lakini kila Ijumaa alikuja, akakaa na Bibi chini ya mwarobaini, wakachambua mboga, mara nyingine wakanuniana juu ya jambo dogo na kupatana kabla ya alasiri. Mama Anjela alilima mchicha na bamia pale palipofukiwa majani. Baba alipokuja likizo, alizunguka kiwanja kizima mikono mgongoni, akaenda kukaa katikati ya mama zake wawili. Mimi nilipata shangazi, na wakati wa likizo nilikwenda Kibaha nikajifunza kuwasha trekta kabla sijajifunza kupika wali usioungua. Wazee wale wawili waliondoka kwa wakati wao, wakiwa wamesameheana, na huo ndio urithi mkubwa waliotuachia. Kwani ulipofika wakati wa kuuza, watoto wa nyumba zote mbili walikaa mkeka mmoja na hakuna aliyekwenda mahakamani.

Leo pale pana jengo la maduka lenye vioo kuanzia chini mpaka juu. Mwaka huu Shangazi Tatu, ambaye sasa magoti yanamsumbua, aliniomba nimpeleke. Tulishuka kituo cha mwendokasi tukatembea polepole katikati ya mikokoteni na wauza vipuri. Mlinzi kijana, sare imemzidi mabega, alitufuata. "Shikamoo, bibi. Mnamtafuta nani?"

"Marahaba, mwanangu. Hatumtafuti mtu. Tumepita kwetu."

Alitutazama, akatazama jengo, hakuelewa, lakini alikwenda akaleta kiti chake cha plastiki akamwekea. Shangazi akakaa, watu wakapita kumzunguka na mizigo yao. Nilifikiria ghorofa ninakoishi mimi, ambako jirani wa mlango wa pili simjui jina, na ambako ugomvi unaweza kukaa miaka bila kuota hata jani la kumkera mtu. Siku zile chuki ilikuwa inatambaa mpaka kwenye shuka za wapangaji. Ilikuwa lazima mtu avae baibui avuke Jangwani. Mji wa leo ni safi zaidi, na sitaki kudanganya kuwa nautamani upupu. Lakini jioni ile, tuliporudi, niligonga mlango wa jirani yangu, nikamwambia jina langu, nikamwuliza lake.